Maswali ya Wasomaji: Sinema Kongwe za Kihindi Zinazostahili Kurudi Nyumbani

Toleo lililopita liligusia enzi ambapo familia za Kisumu na Nakuru zilijaa kumbini mwishoni mwa wiki kutazama sinema za Kihindi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na takriban zote ziliuliza jambo moja kwa njia tofauti: sinema hizo ziko wapi leo, na mbona zinazouzwa madukani zinaonekana vibaya hivyo? Tumezifupisha barua zilizochapishwa hapa.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni muuza vipuri hapa Kisumu na mpenzi wa sinema za Kihindi tangu utotoni. Majuzi nilinunua diski ya sinema ya miaka ya sabini iliyoandikwa jaladani kwamba imekarabatiwa upya. Nilipoiweka niliona nyuso za wachezaji zimelainika kama sanamu za nta, vichwa vimekatwa kwa juu, na nembo ya kampuni imeganda pembeni mwa picha tangu mwanzo hadi mwisho. Mke wangu hajui Kihindi, kwa hiyo alisoma tafsiri iliyoandikwa chini, lakini kila wimbo ulipoanza maandishi yalitoweka. Je, huo ndio ukarabati? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Huo si ukarabati, bwana, na nadhani hata aliyeandika maneno hayo jaladani alilijua hilo.

Kurejesha sinema katika hali yake huanzia kwenye negativu, yaani utepe uliokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha, au, ikiwa utepe huo umeharibika, kwenye nakala iliyotolewa moja kwa moja kutoka kwake. Mafundi huukagua kwa mikono, huunga palipokatika, husafisha vumbi na ukungu, kisha huuskani fremu moja moja. Sinema huenda kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo sinema ya saa tatu ina fremu zaidi ya 259,000, na kila moja yaweza kuwa na mkwaruzo wake. Baada ya hapo ndipo kompyuta hufuta mikwaruzo, rangi husawazishwa kwa kulinganishwa na nakala iliyohifadhika vizuri au kwa kumwita mpigapicha mwenyewe ikiwa yu hai, na sauti hushughulikiwa peke yake. Kazi hiyo huchukua miezi, na wakati mwingine miaka.

Diski yako yaelekea ilipitia njia ya mkato. Mtu alichukua nakala ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, akaikuza kwa programu ya kompyuta, kisha akaiamuru programu hiyo ifute chembechembe zote zinazocheza juu ya picha. Chembe hizo si uchafu, kwa kuwa ndizo zinazoiunda picha yenyewe, na zikifutwa huondoka pamoja na vinyweleo, mikunjo ya uso na nyuzi za kitambaa. Hapo ndipo nyuso za nta zilipotokea.

Kuhusu vichwa vilivyokatwa, sinema nyingi za Kihindi za zamani zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, ilhali televisheni za leo ni pana. Muuzaji anayeogopa kwamba mteja atalalamika akiona weusi kulia na kushoto hukuza picha mpaka ijaze kioo, na kwa kufanya hivyo hutupa karibu robo ya picha, juu na chini. Dhambi hii ina dada yake mkubwa: sinema zilizopigwa kwa umbo pana la CinemaScope zilipobanwa ziingie katika televisheni za zamani, zilipoteza zaidi ya theluthi moja ya upana wao.

Lipo na jambo ambalo hukulitaja, huenda kwa sababu masikio yetu yamelizoea. Kanda na DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao Kenya, huenda kwa fremu 25 kwa sekunde. Sinema ya fremu 24 ikimiminwa humo bila kurekebishwa hukimbia kidogo, hata ile ya dakika 180 ikaisha kabla ya dakika ya 173, na sauti hupanda. Wengi wetu tuliokariri nyimbo za Lata Mangeshkar kutoka kwenye kanda za sinema tulizikariri zikiwa juu kidogo ya pale alipoziimba. Ukilinganisha kanda na santuri ya wimbo uleule utaisikia tofauti hiyo mara moja.

Hili la tafsiri ya nyimbo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Katika sinema ya Kihindi wimbo si mapumziko ya kwenda kununua njugu. Chukua Pyaasa ya Guru Dutt, ya mwaka 1957. Ni hadithi ya mshairi asiyesikilizwa na yeyote mpaka watu walipoamini kwamba amekufa. Mashairi yake yameandikwa na Sahir Ludhianvi na kutiwa muziki na S. D. Burman, na hoja yote ya sinema imo humo ndani. Ukiiondoa tafsiri ya nyimbo, mkeo ataona mwanamume mwenye huzuni akitembea usiku na hatajua analalamikia nini. Anayetoa diski ya namna hiyo hajaitazama sinema anayoiuza.

Siku nyingine kabla ya kulipa, soma nyuma ya jalada. Diski iliyotengenezwa kwa uangalifu hueleza picha imetolewa wapi (negativu ya asili au nakala gani), kazi ilifanywa na maabara gani, umbo la picha ni lipi, na sinema ina dakika ngapi. Jalada likiwa na picha ya steringi tu na maneno matamu, rudisha rafuni.

SWALI: India imekuwa ikitengeneza sinema kwa wingi kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Imekuwaje basi nyingi zikapotea? Ninafundisha historia katika shule ya upili na wanafunzi wangu hawaniamini. — Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, waambie wanafunzi kwamba wingi huo wenyewe ulichangia. Sinema ilihesabiwa kuwa bidhaa ya msimu. Ikishamaliza kuzunguka majumba yake, nani angelipa kodi ya ghala kuihifadhi? India ilitengeneza sinema bubu zaidi ya 1,300, na zilizobaki ni chache mno. Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, ya mwaka 1913, imebaki vipande. Alam Ara, sinema ya kwanza ya India yenye sauti, iliyozinduliwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, haipo kabisa. P. K. Nair, aliyeijenga Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya India, iliyoanzishwa mjini Pune mwaka 1964, alisimulia kwamba alipoitafuta kwa familia ya mtengenezaji wake, Ardeshir Irani, aliambiwa kuwa rili, yaani magurudumu yaliyozungushiwa utepe wa filamu, zilikwisha kutolewa ili madini ya fedha yaliyomo yakamuliwe. Filamu nyeusi na nyeupe ilikuwa na fedha ndani yake, na fedha ina bei.

Pia kulikuwa na moto. Hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini filamu zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoungua kwa ukali na kinachojitengenezea oksijeni yake, hata maji hayakizimi. Januari 2003 moto uliteketeza akiba kubwa ya rili za naitreti huko Pune. Asetati iliyoshika nafasi yake haiwaki kwa urahisi, ila katika joto na unyevu huoza polepole na kunuka siki.

Usiwaache wanafunzi hapo, kwa sababu kisa kinachofaa zaidi darasani kina mwisho mwingine. Mwongozaji Satyajit Ray alipewa tuzo ya heshima ya Oscar mwaka 1992, na baadaye negativu za sinema zake zikapelekwa London kwa nia ya kuzihifadhi. Mwaka 1993 maabara ilimokuwa ilishika moto. Negativu za sinema zake tatu zinazofuata maisha ya mhusika Apu, yaani Pather Panchali ya 1955, Aparajito ya 1956 na Apur Sansar ya 1959, zilitolewa zikiwa zimeungua, zimegandamana na kujikunja. Maabara zilizoulizwa zilisema hakuna la kufanya, lakini mabaki hayakutupwa. Miaka ishirini baadaye maabara moja ya Bologna, Italia, iliyalainisha kwa unyevu mpaka yakakunjuka, ikaondoa gundi na utepe ulioyeyuka, na ikajenga upya matundu ya pembeni yaliyoliwa na moto, kazi ya mikono ya karibu saa 1,000. Asilimia 40 ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito vilitoka katika negativu zile zilizoungua, na sehemu nyingine zikachukuliwa kutoka nakala bora zilizohifadhiwa kwingineko. Tatu hizo zilionyeshwa upya mwaka 2015 na zinapatikana kwa Blu-ray. Ukitaka kujua diski nzuri inafananaje, anza na hizo.

SWALI: Kama ungepewa uwezo wa kuchagua, ni sinema zipi ungezitoa kwa diski nzuri kwanza? Tafadhali usitaje Sholay, kila mtu huitaja. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Nitaitaja kwa ufupi, unisamehe, kwa sababu inaonyesha pengo lililopo. Sholay ya Ramesh Sippy ilitoka Agosti 1975, wakati wa hali ya hatari nchini India, na wakaguzi walikataa mwisho ambamo Thakur, anayelipiza kisasi, anamuua jambazi Gabbar Singh kwa miguu yake. Ikabidi polisi waje kumkamata. Shirika la kuhifadhi filamu la Film Heritage Foundation, la Mumbai, lililoanzishwa na Shivendra Singh Dungarpur mwaka 2014, lilisaidia kuirejesha, na nakala yenye mwisho ule wa awali ilionyeshwa hadharani Bologna mwezi Juni 2025. Hilo ni jambo la kushangilia. Lakini mtu wa Nakuru hawezi kupanda ndege kwenda Italia kutazama Gabbar akifa, na kwangu mimi kazi ya ukarabati haijaisha mpaka nakala ifike sebuleni kwa bei anayoimudu mtu wa kawaida. Sherehe za filamu ni mlango tu.

Chaguo langu la kwanza ni Kaagaz Ke Phool ya 1959, sinema ya kwanza ya India ya CinemaScope, iliyoongozwa na Guru Dutt na kupigwa picha na V. K. Murthy. Ilianguka sokoni, na baada yake Guru Dutt hakutia tena jina lake kama mwongozaji; alifariki mwaka 1964. Kuna wimbo wa Geeta Dutt, ulioandikwa na Kaifi Azmi, ambamo mwongozaji na mwigizaji wake wamesimama katika studio tupu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na mwali mmoja wa mwanga ukishuka katikati kupitia vumbi. Murthy aliuleta mwanga huo wa jua ndani ya studio kwa vioo. Kisha vivuli vyao vinatoka miilini na kukutana mwangani, huku wenyewe hawajapiga hata hatua. Umbali ulio kati ya watu hao wawili ndio hadithi yote, na umbali huo unahitaji upana wa skrini. Katika nakala iliyobanwa kwa televisheni ya zamani humwoni mmoja wao, au unaona ncha ya bega. Sinema hii isitolewe tena popote isipokuwa kwa upana wake kamili, na weusi ubaki juu na chini bila mtu kuomba radhi.

La pili ni Pakeezah ya Kamal Amrohi, na hapa tatizo ni rangi. Sinema ilianza miaka ya hamsini kwa nyeusi na nyeupe, ikageuzwa kuwa ya rangi na ya umbo pana, ikasimama kwa miaka pale Amrohi na mkewe Meena Kumari walipotengana, ikaanza tena, na ikatoka Februari 1972. Katikati ya safari hiyo mpigapicha wake Mjerumani, Josef Wirsching, alifariki mwaka 1967, na mtunzi wa muziki Ghulam Mohammed akamfuata mwaka 1968, Naushad akamalizia. Meena Kumari alifariki tarehe 31 Machi 1972, wiki chache baada ya uzinduzi. Nakala za rangi za wakati huo zina kasoro inayojulikana: rangi ya samawati hufifia kwanza na picha nzima ikageuka waridi. Sinema iliyojaa chemchemi, mazulia na vitambaa vya kila rangi haiwezi kuhukumiwa kwa nakala ya waridi, na wengi walioidharau waliona hiyo.

La tatu ndilo lililo karibu nasi zaidi, ingawa katika vibanda vya video halikuwahi kuwa na jina. Garm Hava ya M. S. Sathyu, ya miaka ya mwanzo ya sabini, inamhusu Salim Mirza, mtengenezaji viatu Mwislamu wa Agra baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Ndugu wanaondoka mmoja mmoja kwenda Pakistan, benki zinasita kumkopesha mtu ambaye huenda kesho atahama, nyumba ya ukoo inachukuliwa, na yeye anabaki kituoni akisindikiza watu kwa treni. Yeyote anayekumbuka Kisumu ya miaka 1967 na 1968, wakati familia nyingi za Kiasia zilipofunga maduka na kukimbilia Uingereza kabla milango haijafungwa, na majirani wakaulizana nani atafuata, hahitaji kuelezwa sinema hii inahusu nini. Balraj Sahni anamwigiza Mirza kwa utulivu wa kutisha. Alifariki Aprili 1973, mara tu baada ya kumaliza kurekodi sauti yake. Bajeti ilikuwa ndogo mno, vyombo vya kurekodi sauti mahali pa kupigia picha havikuwapo, na maneno yote yaliingizwa baadaye, kwa hiyo sauti ndiyo iliyohitaji uangalifu zaidi. Ilirejeshwa na kurudi majumbani mwa sinema India mwaka 2014. Diski yake ingestahili tafsiri ya Kiswahili, na ningependa atakayeifanya awe mtu wa huku kwetu.

Mother India sikuiacha kwa kuidharau. Ni maarufu kiasi kwamba haitakosa wa kuitetea.

SWALI: Je, si vyema sinema nyeusi na nyeupe zitiwe rangi ili vijana wazitazame? — Msomaji, Busia

JIBU: Hapana. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilitoka mwaka 1960 ikiwa nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, na rangi zililetwa kwa makusudi katika sehemu chache, ikiwamo ngoma ya mwigizaji Madhubala katika ukumbi wa vioo mbele ya mfalme. Mwaka 2004 ilitolewa ikiwa imetiwa rangi yote na ikajaza majumba, sikatai. Lakini ule mshtuko wa rangi kulipuka ghafla baada ya saa za kijivu uliondoka. Anayetaka ya rangi na aitazame. Diski nzuri iwe nazo zote mbili, na ya 1960 itangulie.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji. Nasikia ukarabati hugharimu mamilioni. Ni nani hulipa? — Msomaji, Bungoma

JIBU: Katibu, swali lako limekuja na jibu lake mkononi. Serikali ya India hulipa kiasi kupitia hifadhi ya Pune, na kuna mashirika ya nje kama lile la mwongozaji Mmarekani Martin Scorsese, lililosaidia kuirejesha Kalpana ya Uday Shankar ya 1948. Lakini kisa chako wewe ni Manthan ya Shyam Benegal, ya 1976. Inaeleza jinsi wafugaji maskini wa Gujarat walivyojiunga kuuza maziwa yao wenyewe na kumkwepa mchuuzi aliyekuwa akiwapunja, huku tofauti za tabaka zikitishia kukivunja chama. Gharama yake ililipwa na wafugaji 500,000 wa vyama vya ushirika vya Gujarat, kila mmoja rupia 2, na jina la watayarishaji katika sinema ni lao. Walipakiwa malori kwenda kuitazama.

Film Heritage Foundation iliirejesha, na ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2024, miezi michache kabla ya Benegal kufariki Desemba mwaka huohuo. Negativu ilikuwa imeshambuliwa na ukungu, na sauti ilibidi itolewe katika nakala ya kuonyeshea. Ukiipata, ionyeshe katika mkutano mkuu wa chama chenu kabla ya kufika ajenda ya malipo. Smita Patil na Naseeruddin Shah watawanyamazisha wanachama kuliko kengele yako.

SWALI: Marehemu babu alikuwa fundi wa projekta katika jumba la sinema mjini Nakuru. Katika stoo ya nyumbani kuna makopo ya bati yenye rili, mengine yameandikwa kwa herufi za Kihindi, na mawili yananuka siki. Shangazi anataka yauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nifanyeje? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwambie shangazi, kwa heshima zote, asubiri kidogo. Nakala zilizosafirishwa nje ya India wakati mwingine ndizo zilizosalimika: sehemu ya Bilwamangal, sinema bubu ya 1919, ilipatikana katika hifadhi ya Ufaransa na ikarudi Pune mwaka 2016. Rili za babu yako zaweza kuwa za sinema iliyopo tele, au zisiwe.

Yale mawili yanayonuka siki yatenge leo hii, kwa kuwa mvuke wake huharakisha kuoza kwa mengine. Weka yote mahali penye ubaridi, pakavu na penye hewa, si chini ya mabati ya paa. Usijaribu kuyaonyesha kwa projekta. Filamu iliyosinyaa hukatika menoni mwa mashine. Fungua kopo moja nje ya nyumba, mbali na moto na sigara, shika utepe kwa kingo ukiwa na glavu za pamba, na uuelekeze kwenye mwanga wa mchana. Pembeni ukiona limeandikwa SAFETY, hiyo kwa kawaida ni asetati. Ukikuta neno NITRATE, au unga wa kahawia na ute unaonata, lifunike, lipeleke kwenye kibanda kilicho mbali na nyumba wanamolala watu, na usilisafirishe kwa matatu wala kwa basi.

Kisha andika daftarini jina lililo kwenye kila kopo, namba ya rili, na kama ina nyimbo, kwa sababu watu wengi walikata nyimbo wakazihifadhi kando. Piga picha lebo, pamoja na zile usizoweza kuzisoma. Orodha hiyo itume kwa hifadhi ya taifa ya Pune na kwa Film Heritage Foundation, Mumbai, nasi ututumie nakala; tunaye msomaji hapa mjini anayesoma Kihindi na Kigujarati ambaye amejitolea kutafsiri lebo bila malipo. Anza na yale mawili yanayonuka, maana ndiyo yasiyo na muda.